Siku Niliyotia Chumvi Ardhi ya Rubondo

Wacha nijicheke mwenyewe leo, maana hapa kambini Rubondo mmeshanicheka vya kutosha, na hata watu wa mjini Rwekubo walizipata habari kabla sijafika nyumbani kunawa uso.

Injinia alitoka Mbarara na mashine ya kutafuta maji chini ya ardhi, akataka mtu wa kumsaidia, na mimi, niliyezaliwa katikati ya ng'ombe kule milimani Kivu ya Kusini, nikamwambia mimi ni fundi wa umeme (nilishabadilisha balbu kanisani, tena mara mbili). Kuchunga niliona ni kazi ya kuficha. Akanipa helmeti nyeupe. Mke wangu, Mama Furaha, aliyekuwa anatembea saa mbili kufuata maji, aliitazama ile helmeti akasema, "Baba Furaha, leo usitufanyie mambo yako. Ile mashine iko na siku moja tu huku kwetu, kesho inaenda fasi ingine."

Kazi yenyewe ni hivi: unapigilia vyuma ardhini, unaviunganisha kwa waya mrefu, injinia anapeleka umeme chini, na mashine inasoma jinsi unavyopita, maana penye maji unapita kwa urahisi. Lakini kiangazi kile ardhi ilikauka hata umeme ukakataa kuingia, ndipo injinia akanipa jerikani ya maji na mfuko wa chumvi. "Mzee, weka chumvi kidogo kwa maji, halafu mwaga kwa kila chuma kikombe moja. Kidogo tu."

Nikajiuliza, kama chumvi kidogo inasaidia, je, yote? Nikamimina mfuko mzima, nikatikisa, na kila chuma nikakipa si kikombe bali sufuria, kuanzia uwanja wa shule hadi karibu na kanisa. Mashine ikaanza kusoma vizuri, injinia akatabasamu, akina mama wa kwaya wakaanza kuimba taratibu, na mimi nikaiweka helmeti sawa ili ionekane. Nilijiona mtu mkubwa, siwafichi.

Saa hiyo ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka ziwani kunywa. (Ninyi wafugaji mmeshajua. Hata mimi nilipaswa kujua, baba yangu aliwapa ng'ombe wake chumvi na mbebaji nilikuwa mimi, lakini siku ile nilikuwa fundi wa umeme.) Walisimama, wakainua pua, kisha kundi zima na pembe zake ndefu likageuka, likaja kulamba vyuma vyangu kimoja baada ya kingine, kwa utulivu, kama wageni walioalikwa. Injinia alikuwa ameinamia mashine juu ya meza yake, hakuona kitu. Akabonyeza.

Ng'ombe mmoja mwekundu, aliyekuwa ameweka ulimi kwenye chuma, akaruka, waya ukamnasa kwenye pembe, akapita katikati ya kwaya, na nyuma yake ikafuata meza, na pamoja na meza ikafuata mashine. Meza haikuvunjika.

"Wewe ulisema iko fundi ya umeme," injinia akaniambia polepole. "Sasa hii ng'ombe inataka nini kwa laini yangu ya waya?"

Mwenye ng'ombe, mzee mmoja Mnyankore, mwenyeji wa hapa, aliinama, akagusa udongo kwa kidole, akaonja. "Nani aliweka chumvi mingi hivi?"

Niliweka mikono mdomoni nikatoa ule mwito wa baba yangu, wa milimani, ambao sikuwa nimeutoa tangu tulipokimbia vita, na ng'ombe wote wakainua vichwa wakanifuata, hata yule mwekundu na waya wake, watu wote wakitazama, helmeti nyeupe bado kichwani.

"Hii kazi unajua," injinia akasema.

Mashine ilirudishwa Mbarara kutengenezwa, zamu yetu ikapita, na kisima kikachimbwa zoni nyingine ya kambi. Mama Furaha hakunigombeza. Jioni alinipakulia maharage yasiyo na chumvi, nami kwa ujinga nikauliza kama ipo.

"Iko kule ku uwanja wa shule," akasema. "Enda ulambe."

Nilikula hivyo hivyo. Lakini aibu yenyewe ilinipata asubuhi, nilipomwona anachukua jerikani zake na kushika njia ileile ya saa mbili. Nilimkimbilia nikampokonya. Tangu siku ile maji ya nyumbani nafuata mimi, na mtu akiniuliza njiani nafanya kazi gani, namwambia nachunga ng'ombe, hata kabla hajamaliza kuuliza.