Juisi ya Wageni

Admin, nifichie jina, wifi yangu hushinda humu kusoma visa vya watu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, kwetu Kilindoni, nimeolewa Ndagoni. Nafanya kazi kwenye hoteli moja Utende, ya watalii wanaokuja kupiga mbizi kwenye hifadhi ya bahari. Kazi yangu ni kukamua juisi na kusimama mlangoni na sinia. Mgeni anashuka garini, anaonja kidogo, anatabasamu, anairudisha glasi. Inayobaki tunaimwaga.

Nikirudi nyumbani nakamua tena. Kwa mama mkwe mgeni hapewi maji matupu, na kwake hata jirani aliyefuata kiberiti ni mgeni. Ukwaju, pasheni, embe, vyote nimechuja mpaka mikono inanuka matunda kitandani. Nimejiuliza sana juisi kazi yake ni nini. Si kukata kiu, maana kiu tunaikata kwa maji ya mtungi. Si kushiba pia. Nikaona kazi yake ni kumwambia mtu kwamba tumefurahi umekuja. Sisi wa ndani hatujaja popote, basi hatupewi.

Mume wangu si mtu mbaya. Hanipigi wala hanitukani, ndiyo maana hata kulalamika naona aibu. Ila juzi niliugua, homa kali, kinywa kichungu. Majirani wakaja kunijulia hali. Kwa mara ya kwanza tangu anioe, nikasikia mume wangu anakamua nanasi. Moyo ukafurahi. Akapita na jagi mbele ya kitanda changu, akawamiminia majirani.

Nikamwambia, "Baba watoto, nami nionje."

Akaninong'oneza, "Hii ya wageni, mke wangu, isije ikawapungukia. Wewe kunywa maji mengi, ndiyo dawa."

Wale mama wakanywa, wakaongeza, wakanisifia, "Mwanangu, mume unaye!" Nikajifunika kanga usoni. Nilicheka, kisha nikalia.

Nilipopata nafuu nikaaga, nikaenda kwa mama Kilindoni. Nikasema moyoni, huko nitakaa chini kama mtoto wa nyumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani." Akanivutia kiti, akafungua kabati, akatoa glasi za maua, zile nilizoziosha kila Idi utotoni na kukatazwa kunywea. Akanijazia juisi ya ukwaju, akaifunika kitambaa.

Nikamuuliza, "Mama, na mimi nimekuwa mgeni?"

Akashangaa. "Si umeolewa, mwanangu? Kunywa kabla barafu haijayeyuka."

Nilikuwa naitamani juisi ile miaka yote. Nikaonja kidogo, nikatabasamu, nikairudisha glasi.

Sasa mume wangu amepiga simu, anakuja kunichukua leo baada ya swala ya Ijumaa. Mama amefurahi, ameshaloweka ukwaju. Ameniita sasa hivi, "Inuka ukamkamulie mwenzio, huyo ni mgeni wetu." Nawaandikia nikiwa jikoni, chujio limelala mapajani.

Nimechoka, ndugu zangu. Nishaurini: nimkamulie, anywe, tuondoke kama kawaida? Au leo nikae tu kitini nimwambie yaliyo moyoni? Na mkisema nirudi naye, niambieni na hili: ni nyumba ipi mwanamke anakunywa juisi akiwa kwao?