Utani wa Upande Mmoja

Hadija alishamwambia Saba: "Ami yako akinitaja na panya tena, naacha kazi." Hakumwambia mwingine. Miaka kumi na moja anapima mchele na maharage kwenye duka la nafaka la kina Saba, Wahindi wa pale Chikongola. Saba mwenyewe kupima kafundishwa na yeye. Sasa ana miaka ishirini, anakaa kaunta, na tangu siku ile Akbar, mdogo wa baba yake, akifungua mdomo tu, Saba anamtupia jicho Hadija.

Maana mdomo wa Akbar hauna breki. Jumanne asubuhi panya akakatiza nyuma ya magunia. Wateja wanne wamesimama.

"Hadija, kitoweo kinakukimbia hicho!" Akbar akacheka peke yake. "Nyie weusi bwana, panya kwenu nyama."

Hadija akaweka kopo chini. Akaanza kufungua khanga yake ya kazi kiunoni.

Saba akajua ndio anaondoka. "Ami, acha."

"Niache nini? Utani huo. Mmakonde mtani wangu."

"Tangu lini? Mtani anajibu. Da Hadija kakujibu siku gani?"

"Saba, kuna wateja."

"Wakati unaongea wewe hawakuwepo?"

Mama mmoja mwenye kapu akaguna, "Hee!"

Saba kashaanza, harudi nyuma. "Mama yake Da Hadija alipozikwa kwao Nanyamba, watani walikuja. Mmoja kaingia kaburini, hatoki mpaka apewe kuku. Watu msibani wanalia, wanacheka. Na hao hao ndio waliochimba, wakachota maji, wakapika. Mimi nilikuwepo. Wewe mtani ulikuwa wapi?"

Bibi Batulbai, mama yake Akbar, akainua kichwa kwenye kiti chake pale mlangoni. "Mama yake alikufa?"

"Mwaka jana, bibi," Hadija akasema. "Niliomba ruhusa siku tatu."

"Mimi nilijua unaumwa."

Akbar kaona aibu, akaigeuza hasira. "Haya, jibu basi! Nani kakuziba mdomo?"

Hadija akamtazama. "Bosi, panya wa kwetu anakaa shambani, anakula mihogo. Huyu wako kanenepa kwa mchele unaouzia watu. Mimi na wewe, nani anafuga?"

Wateja wakaangua kicheko. Yule mama akalivuta kapu lake mbali na magunia. Akbar hakucheka. "Saba, nenda stoo," akasema. Hadija akaokota kopo. "Haya, nani anafuata?"

Jioni baba yake Saba akamwita. "Mwanangu, ungemwambia nyumbani. Mbele za watu unamvunjia heshima."

"Nyumbani nimemwambia mara sita, baba. Mara zote mlicheka. Na wewe ulicheka."



Saba alikaa stoo wiki tatu, anashona magunia, ami yake hamsemeshi. Panya wapo bado. Akipita mmoja, Akbar anaita mtego, anaishia hapo. Hadija yupo kazini.