Winga wa Kwenye Mikeka ya Maharage

Wenye kalenda wanasema ulikuwa 2013. Mimi najua ni mwaka tuliokula maharage asubuhi, mchana na jioni, nyumba nzima ikajamba bila aibu. Hadi leo, nikisikia harufu ya maharage mapya yakikauka juani, namwona mjukuu wangu Edina akiwa na miaka kumi, miguu myembamba kama ya korongo.

Huku kwetu Titye, kijiji cha Kasulu, ni vilima vitupu. Mpira ukikuponyoka unaufuata bondeni. Tambarare ni uani kwangu tu, na uani kwangu nilitandaza mikeka ya maharage. Watoto walicheza kwenye vijia vya katikati. Aliyekanyaga punje, nilimfikia na fimbo ya kupuria. Edina alikula fimbo nyingi kabla miguu yake haijapata akili.

Jumamosi moja akaja mwalimu mgeni, mtu wa Tanga, anatafuta wasichana wa kwenda kucheza na wenzao wa Kibondo. Nafasi ilibaki moja.

"Shikamoo, Bibi. Tukunje mikeka kidogo, nimwone huyu binti anavyokimbia."

"Marahaba. Maharage yangu siyaondoi."

Jana yake yalinyeshewa. Kuyakusanya ni kuyaozesha. Edina akalia hadi makamasi. "Bibi, unapenda maharage kuliko mimi!"

Mwalimu akakuna kichwa, akaita wavulana watatu wamkabe humo humo. Wakaingia mikekani kama mbuzi, nikawachapa. Edina akawapita upande upande na mpira wake wa matambara, vidole ukingoni mwa mkeka, punje haikutikisika.

"Bibi, huyu kafundishwa na nani?"

"Na fimbo hii hapa."

Edina akaipata ile nafasi, akaenda Kibondo, akachezea Kasulu, mwisho Dar es Salaam, winga, analipwa kwa kukimbia! Majirani waliosema nalea jikedume sasa wanasema "Edina wetu." Goti lilipokataa, akarudi nyumbani anachechemea, wala hakununa. Ndipo aliponiambia kwamba kila beki yeye alimwona kama mkeka, na kila alipobanwa alinisikia nyuma yake na fimbo.

"Kumbe siku ile hukuninyima kitu, Bibi."

Nikajidai nilijua tangu mwanzo. Ninyi nawaambia, yeye msimfikishie: niliogopa maharage kuoza, basi.

Sasa anafundisha wasichana uani hapo hapo. Jana katoto kamoja kakali kakanivuta kitenge. "Bibi, si utuondolee haya maharage tupate nafasi?"

Nyuma yake, Edina akanikonyeza.

"Maharage yangu siyaondoi."