Karatasi Iliyojaribiwa Kiangazi

Kila nikimwona mtu anafungua kalamu ya wino, mwanangu, kuna siku moja inanirudia. Leo umekuja na kalamu yako mpya na madaftari matatu, umeyapanga juu ya meza yangu, unaniuliza karatasi ipi inafaa. Nitakujibu, lakini kwa njia yangu, na njia yangu ni ndefu. Weka kalamu chini kwanza, unywe chai.

Nilikuwa msichana, mwalimu niliyeanza kazi mwaka ule katika shule ya msingi hapa Bukavu, enzi nchi ikiitwa Zaïre. Mwalimu mpya hakuwa na hakika ya mahali pake. Kwa desturi mkaguzi alikuja, akasikiliza somo, akasoma daftari la maandalio ya masomo, akaandika humo neno lake. Kwa neno hilo mkurugenzi wa shule alitunga ripoti, na kwa ripoti hiyo ulibaki mjini au ulipelekwa kokote. Mimi nilitaka kubaki. Mama yangu aliugua moyo pale Kadutu, mtaa wa hapa hapa mjini, na mimi ndiye niliyekuwa namwosha na kumpikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu.

Maandalio tuliyaandika kwa wino. Basi katika mwezi wa nane, kabla masomo hayajaanza, nilikaa barazani kulinganisha karatasi kama unavyofanya wewe. Daftari la kawaida la shule lilikuwa na karatasi nyepesi ya kijivu. Wino uliota mizizi kila upande, kisha ukajitokeza nyuma, kwa hiyo nusu ya daftari ilikuwa imekufa kabla ya kuandikwa. La pili lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu, la dukani. Halikuvujisha, lakini lilikuwa na nyuzinyuzi, na ncha ya kalamu ilizinasa ikawa inakwaruza. La tatu ndilo lililoniteka. Lilikuwa ajenda, kile kitabu cha tarehe ambacho kampuni ya chai ilimpa baba yangu kila mwaka mpya, naye hakuandika hata mstari. Karatasi yake ilikuwa nzito, inang'aa. Mstari ulisimama mwembamba na safi, na nyuma palibaki peupe. Nikakaa nautazama mwandiko wangu. Mtu akishaanza kuupenda mwandiko wake, mwanangu, hapimi tena karatasi.

Niliionyesha kwa Maman Nabintu, aliyefundisha darasa la jirani tangu mimi sijajua herufi. Aliugeuza ukurasa, akaugusa kwa dole gumba.

“Iko muzuri,” alisema. “Uliijaribu lini?”

“Juzi, maman.”

“Juzi kulikuwa jua. Weye mutoto, koti ya mvua unaijaribia ku jua?”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Karatasi ya kung'aa hainywe wino. Wino inabakia juu, inangojea hewa. Na huku kwetu mvua ikianza, hewa yenyewe iko maji.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mguu wangu ulibaki mzima, kilichovunjika utakisikia.

Mvua zikaanza. Ukungu wa ziwa uliingia darasani asubuhi pamoja na watoto, na maandishi yangu kweli yakakataa kukauka. Lakini walimu wa hapa tulikuwa na dawa yetu: unasugua chaki juu ya ukurasa, unaacha unga wake unyonye, kisha unapuliza. Mikono ya nguo zetu ilikuwa myeupe mwaka mzima. Nikajiambia kwamba nimemshinda Maman Nabintu, na kwamba mimi na karatasi yangu tumeelewana.

Mkaguzi alifika asubuhi ya mvua kubwa, ndani ya abacost, ile suti ya siku hizo isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri, na kalamu yake mwenyewe mfukoni, ya ncha nene. Watoto walijibu vizuri. Mmoja hata alimchekesha. Kisha akaketi mezani pangu, akafunua kurasa za ajenda, akaandika mistari mitatu kwa haraka na kutia sahihi. Nilisimama kando yake, chaki mkononi. Niliuona wino umelala juu ya karatasi, bado mbichi.

Sasa utamwambiaje mkubwa asifunge daftari? Sisi tulilelewa kupokea kwa mikono miwili na kunyamaza. Hata zile salamu za siku hizo, za kumwita kila mtu “citoyen”, yaani raia, kana kwamba wote tuko sawa, hazikutufungua midomo. Citoyen inspecteur aliifunga ajenda, akaibonyeza kwa kiganja, akanipa. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nje gari lilikuwa linapiga honi, wanamsubiri kwenda Walungu.

Nilipoifungua, ile mistari mitatu ilikuwa doa moja la buluu kwenye kurasa mbili. Maji yakimwagika hayazoleki, na wino ni hivyo hivyo. Mkurugenzi aliipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku.

“Nitaandika yenye naona,” aliniambia. “Na hapa sioni kitu.”

Hakuwa mtu mbaya. Aliandika kwamba neno la mkaguzi halisomeki. Mkaguzi naye alihamishwa mkoa mwingine upesi, na hakukuwa na wa kumwuliza. Mwisho wa mwaka walihitaji mwalimu Luberizi, kule bondeni kwenye mpunga, wakamchukua yule asiye na neno la kumtetea.

Maman Nabintu alikuja kuniaga kwenye lori. Nilitaka aniambie kwamba karatasi ndiyo mbaya.

“Karatasi haikukosea,” alisema. “Chaki ilikuwa mu mukono yako, na kinywa ilikuwa mu uso yako.”

Nilimkasirikia njia nzima.

Luberizi kuna joto. Nilifungua ajenda ile ile, nikaandika, na wino ukakauka kabla sijainua mkono. Sijapata kuandika juu ya karatasi nzuri kama ile. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Mama alikufa mwaka uliofuata. Nilifika Kadutu watu wanarudi kutoka makaburini. Sisemi karatasi ilimwua. Moyo wake ulikuwa umechoka. Ila mpaka leo sijui mistari ile ilisema nini, kama mtu yule alinisifu au alinisema.

Basi chukua madaftari yako, mwanangu. Usiyapime leo, jua linawaka. Ngoja siku ya mvua, uandike kwa mkono wako wa kila siku, ule wa haraka, si huu wa kujionyesha. Geuza ukurasa utazame nyuma. Kisha funga papo hapo, ufungue. Litakalosomeka, hilo ndilo lako. Na siku utakapouona wino mbichi chini ya mkono wa mkubwa, sema: “Ngoja kidogo, papa, ikauke.” Heshima haipungui kwa maneno hayo.

Mungu akupe mkono mtulivu na kinywa kinachofunguka kwa wakati wake. Na mema yote watu watakayoandika juu yako, yakauke kabla hayajafungwa.