Nyanya za mama zilipogoma kunyauka, kijiji kikamgeukia

Wakuu, salamu kutoka Bariadi. Nimepita kwenye uzi wa mdau anayelalamika kwamba mbegu za kisasa ni bei tu, hazina lolote. Nikaona leo nisimulie. Hii siyo chai ya kutunga, aliyenusurika ni mama yangu mzazi.

Turudi nyuma, miaka ile soko huria linaingia. Simiyu haijawa mkoa, sisi wa Maswa tunahesabiwa Shinyanga. Ushirika umelegea, wanunuzi binafsi wa pamba wanakuja na kupotea, maduka ya pembejeo ya watu binafsi yanafunguliwa mjini. Pamba ilipoyumba, kina mama wa kwetu Ipililo wakahamia kwenye nyanya, kule bondeni chini ya lambo.

Mama alikuwa mjane. Shamba lake ni la ukoo wa baba, limepakana na la baba mdogo, katikati mfereji tu.

Msimu huo alikwenda mjini, dukani pale Binza, akakuta Money Maker, mbegu tuliyoizoea wote, imekwisha. Muuzaji, mama mmoja mcheshi, akampa pakiti ngeni kabisa. Akamwambia hii inahimili mnyauko. Mama aliichukua shingo upande, basi tu asirudi mikono mitupu.

Nyanya zikaota, zikachanua. Halafu mnyauko ukaingia bondeni.

Wanaolima wanaujua. Asubuhi mche umesimama, mchana umelala kama umemwagiwa maji ya moto, na majani bado ni ya kijani. Ukiung'oa huoni mdudu.

Shamba la baba mdogo likaisha. La jirani wa juu likaisha. Bonde zima likalala.

La mama likabaki limesimama.

Mngedhani watu watauliza amenunua mbegu gani. Thubutu. Kwetu miaka ile, mazao yako yakistawi huku ya wenzako yanakufa, basi umeyavuta kwa uchawi. Na mjane mwenye macho mekundu, hata kama ni ya moshi wa kuni, alihesabiwa mchawi bila ushahidi mwingi.

Wanawake wakaacha kuongozana naye kuteka maji. Nyanya zake zikaiva, hakuna aliyenunua, hata za bure walikataa. Ukaanza kusikika mpango wa kwenda kwa mganga amtaje mhusika. Kwa wasiojua, ukishatajwa pale unafukuzwa, na hapo una bahati. Nilikuwa kijana mkubwa tu, lakini niliogopa.

Mama hakulia wala hakugombana na mtu. Alikwenda kwa baba mdogo mchana kweupe, watu wakiwepo.

"Shemeji, mbegu zilibaki, nimeziotesha kitaluni. Chagua mstari wako uliokufa wote. Panda wewe, mwagilia wewe, mimi sitavuka mfereji. Pembeni yake panda zile za siku zote. Za kwangu zikifa, nafungasha narudi kwa kaka zangu."

Baba mdogo ndiye aliyepata hasara kubwa kuliko wote, na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Angesema twende kwa mganga, nani angempinga?

Akasema, "Haya shemeji. Mganga asubiri kwanza."

Kwa maneno hayo namshukuru mpaka kesho.

Akapanda kwa mkono wake. Kila jioni watu walipita kukagua, sijui wengine walikuwa wanaombea nini. Mama akawa anazunguka njia ndefu kwenda lamboni, asije akasemwa amepita karibu.

Money Maker zikaanza kulala. Siku moja na mche wa pakiti ngeni ukaanguka, minong'ono ikafumuka upya. Baba mdogo akawaambia tuone mingine.

Mingine haikuanguka. Udongo uleule, maji yaleyale.

Zilipoiva, baba mdogo alichuma nyanya moja, akavuka mfereji, akaingia uani kwetu. Waliokuwa njiani wakasimama kutazama. Hakuiosha. Akaipasua, nusu akala yeye, nusu akampa mama, wakala hapohapo wamesimama.

Kisha akasema, "Wabeja, shemeji," yaani asante kwa Kisukuma. "Hii mbegu inauzwa duka gani?"

Mama ndiyo akalia.

Wakuu, nilichojifunza: ukinunua mbegu muulize muuzaji inahimili ugonjwa gani hasa, maana hakuna inayohimili kila kitu. Msimu uliofuata bonde zima lilipanda ile ile, utitiri, vile vijidudu vya kunyonya majani, ukatunyoosha wote. Ila mara hiyo hakutafutwa mtu, ilitafutwa dawa.

Mama yupo, anazeekea Ipililo kwenye shamba lilelile.

Kama nawe umemwona mtu akiponzwa na shamba zuri, sema hapa chini, nasoma zote. Na kama humu yumo mtoto wa yule mama muuzaji wa Binza, mwambie ile pakiti ndiyo imefanya niwe bado na mama wa kumwamkia.