Mashimo Kwenye Kombe

Mpwa wangu alikuja likizo na mnyama wa baharini ndani ya kompyuta. Mnyama mwenyewe alikufa kabla mtu yeyote hajazaliwa duniani, akabaki jiwe. Huko chuoni jiwe hilo walilipiga picha kila upande, kompyuta ikaziunganisha. Kombe lake, lile gamba gumu, limejiviringa kama pembe ya kondoo dume. Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini nilisogeza kiti, obusuma, ugali wetu, ikapoa.

Alinionyesha mashimo ubavuni mwa kombe. Wengine, alisema, wanadhani ni mawe tu yalilitoboa, mnyama akiwa amekwisha kufa. Basi akachukua taya za samaki mkubwa wa zama zile, nazo zimo humo humo kwenye kompyuta, akazifunga polepole juu ya kombe. Hazikukaa. Akazigeuza kidogo, akajaribu tena. Huyu mtoto ana subira sijaona. Kesho yake, wakati wa chai, meno yote yakaingia kwenye mashimo yake. Akanionyesha na pale kombe lilipojiziba, likaendelea kukua, limepinda lakini linakua.

"Si mawe, mjomba. Aling'atwa, na akaishi."

Mimi fahali alinipiga pembe ubavuni, kwenye mchezo wa mafahali, ngoma za isukuti zikilia na watu wakishangilia. Mwenye fahali ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Alimnywesha chang'aa ili awe mkali, nilimwona kwa macho yangu. Wazee wakakaa, wakala kuku wake, wakasema nilikuwa nakimbia nikaangukia mti wa ua wa boma. Tangu hapo, kwa kila mtu, mimi ndiye niliyechomwa na ua.

Nikavua shati. "Na hili?"

Aliinama, akatazama sana, akapima kwa vidole. Akasema linafanana na la pembe, lakini kovu la ngozi halitoshi. Mbavu hospitali wanaweza kuzipiga picha nikiwa hai. "Shida ni pembe, mjomba. Bila hiyo nitalinganisha na nini?"

Nikamwambia fahali aliliwa zamani, lakini pembe zake ziko juu ya mlango wa mwenyewe mpaka leo, kila mgeni anaonyeshwa.

Asubuhi alivaa sketi ya kanisani, akavuka mto kwenda kusalimia, simu mkononi. Aliporudi alisema jirani alifurahi mno kuulizwa habari za fahali wake. Aliziteremsha pembe mwenyewe, akazipangusa vumbi, akamshikia azipige picha kila upande.