Kisu Chake, Franga Yangu

Ndiyo, nilikionea wivu kile kisu. Nimekana miaka mingi, na chuo kikuu kilinisaidia sana kuupa wivu huo majina marefu.

Jana hapa Bigo, muuza miwa alipofungua kisu chake cha kukunja, harufu ya maji ya muwa juu ya chuma ilinirudisha uani kwa babu. Alitumenyea miwa kwa kisu kama hicho, na kila kilipolegea alikaza skrubu yake kwa ukingo wa sarafu kuukuu ya franga ya Wabelgiji, iliyolika hadi ikawa nyembamba kama ukucha. Siku moja alitugawia: mdogo wangu kisu, mimi franga.

"Kisu iko yake juu iko mwanaume?" nilinuna.

"Weye chunga yako," babu alijibu, huku akitafuna muwa.

Leo mdogo wangu amepiga simu kutoka Kpandroma.

"Yaya, dada yangu, kisu ya babu inalegea sana. Turnevisi zote zimekataa kukaza skrubu yake. Ile franga, uko nayo bado?"

Nilikuwa nimeishika mkononi.

"Niko nayo."

"Basi kuya nayo weye mwenyewe. Miwa iko."